Stakabadhi

Elirehema amepiga tena kutoka Marangu.
Anauliza: mama, siku tano au sita?
Namwambia ngoja, nina robota kwenye mizani,
na mkulima wa Urambo ananitazama mkono
kana kwamba kidole changu nacho kina uzito.

Sita, nasema baadaye, nikiwa nje ya ghala,
vumbi la tumbaku likinikereketa kooni.
Sita, kwa sababu umeniambia
ile siku ya ziada pale Horombo hatuendi popote,
tunakaa tu, damu ijifunze hewa nyembamba.
Sijawahi kulipia siku ya kukaa.
Miaka ishirini na sita nimelipwa kwa kusimama.

Tabora ni tambarare. Pa kujipima sina.
Kwa hiyo kila Jumapili, jua halijakasirika,
natoka Isevya hadi Kwihara na kurudi,
mgongoni kilo kumi za mchele,
na watu wa njiani wananiuliza bei.
Daktari wa Kitete amenipima presha mara mbili,
akanitazama juu ya miwani:
Huko mlimani kuna nini, Bi Nyamizi?
Nikamjibu, kuna baridi.
Akaandika.

Fedha ni za kikoba, hisa za miaka minne,
na mbuzi wawili ambao Shija mwanangu
bado anadhani wako kwa jirani.
Mwezi wa tisa, masoko yakishafungwa,
basi la alfajiri: Singida, Babati, Arusha, Moshi.
Koti nimeazima kwa mlinzi wa reli,
lina harufu ya dizeli na ya usiku.

Yote hayo yalikuwa yamekaa sawa
mpaka Elirehema aliposema, kama mtu anayetoa zawadi:
Mama, wewe utabeba maji na koti la mvua tu.
Mzigo una mpagazi. Mwisho kilo ishirini.

Mpagazi.
Neno hilo nyumbani kwetu halisemwi likapita.
Babu wa babu yangu, Kapembe,
alitoka hapa na pembe begani, frasila mbili,
akaenda kuyaona maji ya Bagamoyo,
akarudi na shanga, na kikohozi,
na nundu begani, ngumu kama goti.
Wajukuu waliruhusiwa kuigusa.
Mpaka anakufa alilalia upande mmoja.
Nimepiga hesabu nyuma ya daftari:
frasila mbili ni kilo thelathini na mbili, bila mtama wake,
bila mkeka, bila sufuria.
Na hapakuwa na geti, wala karani wa kusema
huyu amezidisha, mpunguzieni.

Nikamuuliza Elirehema: anaitwa nani?
Nani, mama?
Huyo wa mzigo wangu.
Akacheka kwa adabu. Hao hupangwa getini,
asubuhi ileile. Husimama wengi kuliko mizigo.

Leo jioni, ghala likiwa tupu,
nimeuweka mfuko kwenye mizani ya marobota.
Kumi na saba na nusu.
Nikatoa sufuria. Nikatoa kitenge cha pili, na cha tatu.
Nikatoa viatu vya kanisani,
sijui nilitaka kumwonyesha nani kule juu.
Chupa ya asali nikaitoa, nikaishika, nikairudisha:
hiyo si yangu, ni yake.
Kumi na mbili na robo.
Mshale ukatetemeka, ukatulia.

Nikavuta kitabu cha stakabadhi, kile cha kaboni,
nikaandika kama ninavyowaandikia wa Urambo na wa Sikonge:

Mzigo: mfuko mmoja, wa bluu.
Uzito: kilo kumi na mbili na robo.
Mtoaji: Nyamizi Kasubi, Isevya.
Mpokeaji:

hapo nimeacha wazi,
na kalamu nimeifunga kwa uzi kwenye zipu.